Mkono Niliotoa Kituoni

Siku hizi mtoto wa mtu akiniamkia barabarani naitikia marahaba, lakini mkono siutoi. Naukunja ndani ya kanga kama mtu mwenye kidonda. Majirani wanasema nimeota kiburi uzeeni. Kiburi ninacho tangu ujana, hakikuja na mvi. Hili la mkono lina sababu yake, na naieleza mwenyewe hapa kabla hawajaieleza wengine kwa namna yao.

Shule niliishia darasa la pili. Baba alifariki, mama akawa anamenya machungwa stendi ya Muheza, nami nikaketi ubavuni pake na kisu changu. Nimemenya machungwa mpaka maji ya maganda yakanila ngozi ya vidole. Kutoka machungwa nikaenda kwenye kusuka mikeka, kutoka mikeka nikaenda kwenye hina na singo, ule msugo wa manukato wa mwili, nikawa napamba maharusi, na kutoka kupamba maharusi nikawa somo. Nyumba ninayokaa hapa Tanga ni ya matofali, ina vyumba vinne na baraza, na hakunijengea mwanamume wala mtoto. Kila tofali lina harusi yake. Nasema hivi kwa sababu afande mmoja wa polisi aliniuliza kituoni, "Bibi, wewe kazi yako hasa ni nini?" utadhani miaka yote hii nilikuwa nimekaa kibarazani nikitazama kunguru.

Kazi yangu hasa ni hii. Msichana akikaribia kuolewa, kwao wananiletea, tunafunga mlango, na ninamwambia mambo ambayo mama yake mzazi hawezi kumwambia kwa haya. Yeye ananiita somo, mimi namwita mwanangu wa ndani, na udugu huo haufi. Hata akipata wajukuu bado ni wangu. Likimkuta jambo na mumewe, ananijia mimi kabla ya kwenda kwao, maana mama atalia na shangazi atatangaza. Mimi silii wala sitangazi. Siku ya kutoka ndani namshika mkono wake wa kulia kwa mkono wangu wa kulia, namwambia: niliyokwambia hukuyasikia, na utakayoniambia sikuyasikia. Basi. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Ni mikono miwili tu.

Wamekuja kwangu mabinti wa Kiislamu wa mjini na wa vijijini, wamekuja Walutheri wa kutoka milimani, wamekuja Wakatoliki ambao babu zao waliletwa kwenye mashamba ya mkonge. Dini sikumuuliza mtu. Wamekuja wake za mahakimu, wake za wavuvi, wake za watu wenye bunduki. Wengine walinijia wakiwa wameshaolewa zamani, kwa kuwa walifungishwa ndoa harakaharaka bila kufundwa, wakajikuta hawana wa kumuuliza.

Zamani chumba kilitosha. Kisha wanangu wakaanza kuolewa mbali, huyu Mwanza, huyu Maskati, huyu Dar es Salaam kwenye ghorofa. Mtu hawezi kupanda basi siku nzima aje kuuliza neno moja. Binti yangu wa mwisho, ambaye ana duka la simu mjini, akaniletea simu ya kupangusa, akaniwekea ile ya kijani ambayo watu wanatumiana sauti. Kwa kuwa mimi kusoma ni silabi kwa silabi, niliwaambia wote: msiniandikie, semeni. Na kwa kuwa majina yananichosha kuyatafuta, binti yangu alinionyesha namna ya kumpa kila mtu picha ndogo badala ya jina. Huyu samaki, huyu jua, huyu kikombe, huyu nyumba. Mtu mwingine akiishika simu yangu anaona soko tu.

Nilimuuliza binti yangu swali moja tu la maana. "Haya, nikisema neno hapa likafika Maskati, njiani nani analisikia?"

"Hakuna, mama. Linatoka kwako limefungwa kwa kufuli, linafunguka likifika kwake. Hata wenye kampuni yao hawasikii."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Na mtu akiniibia simu yenyewe?"

"Ndiyo maana tunaweka namba sita. Usimwambie mtu, hata mimi usiniambie." Akageuka akatazama ukuta wakati nabonyeza. Nilimpenda sana siku ile, maana nilijua nimezaa mtu anayejua maana ya kugeuka ukutani.

Lakini namba sita zilinichosha. Mikono ina singo, ina unga, miwani iko chumbani, na mtu kule anasubiri. Nikamwambia aniwekee ile ya kidole. Hakutaka. "Mama, namba iko kichwani. Kidole kiko nje, kila mtu anakiona."

"Nani atakayekikata kidole changu?" Tukacheka.

Vidole vyenyewe vilileta ubishi. Hata tuliposajilishwa laini kwa alama za vidole, yule kijana wa mezani alinisugua kwa kitambaa, akanipulizia, akanibonyeza, mwisho akasema, "Bibi, wewe huna alama." Nikamwambia alama zangu ziko Muheza, zimeliwa na machungwa, nenda kaziombe kule. Simu nayo ikakataa kidole hiki na hiki, ikakubali kimoja tu, dole gumba la mkono wa kulia. Nikawatangazia wanangu: chumba chetu cha ndani sasa kina mlango wa chuma, semeni.

Wakasema. Mungu wangu, walisema. Asubuhi waume wakishatoka, simu yangu inaanza kuita kama vifaranga.

Sasa, katika hao alikuwemo mmoja niliyemtoa ndani miaka mitatu nyuma. Mtoto mpole, sauti ndogo, kwao watu wa shamba. Akaolewa na bwana mmoja wa Raskazone mwenye magari, anayetoa mizigo bandarini, mtu anayejulikana na kila ofisi. Yule bwana alikuwa anampiga. Sisemi ugomvi wa nyumbani, nasema kumpiga, mahali ambapo nguo inafunika. Kwao walimrudisha mara mbili kwa kuwa mkwe ni mtu mkubwa. Mara ya tatu akanijia mimi. Nikamwelekeza Ushongo kwa shoga yangu, mwanamke niliyemenya naye machungwa utotoni, ambaye sasa anapikia wageni kwenye nyumba za pwani. Yule bwana hamjui shoga yangu wala hajawahi kusikia jina lake. Mtoto akaacha simu yake mezani kwa mumewe ili isimfuate. Alipofika alinitumia sauti kwa simu ya shoga yangu, ambaye kwenye simu yangu ni picha ya chungwa. "Somo, nimefika Ushongo salama. Nimelala. Nimelala, somo, bila kusikiliza mlango." Sikuifuta sauti ile. Huo ni ujinga wangu wa kwanza. Niliipenda, nikawa naisikiliza tena nikisaga karafuu.

Siku ya nne wakaja watu wawili asubuhi. Mwanamume aliyevaa shati la kawaida, na msichana mwenye sare. Walipiga hodi wakati simu iko juu ya mkeka mbele yangu. Yule mwanamume aliinama kana kwamba ananisalimia, akaiokota. Alikuwa mwepesi kama kunguru.

"Bibi, tunakuhitaji kituoni. Ni mahojiano tu."

"Simu yangu irudishe."

"Na simu tunaihitaji."

Kituo sikitaji. Walio hapa wanakijua, na walioko mbali hakitawasaidia kitu. Nilipoingia nilimkuta yule bwana wa magari amekaa ndani, ofisini, si nje kwenye benchi la wanaolalamika. Ana chupa ya soda baridi mkononi. Hapo nikajua mambo yamekaaje. Mashtaka yalikuwa kwamba mkewe ameiba dhahabu akatoroka, na mimi nimemficha. Nikauliza dhahabu gani. Wakasema dhahabu ya harusi. Nikacheka kwa sauti. Mwanamke ameiba mahari yake mwenyewe! Niliwauliza kama wana sheria pia ya mtu kuiba meno yake.

Afande, yule yule wa shati la kawaida, akaiweka simu mezani. "Fungua, bibi."

"Sifungui."

"Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?"

Neno hili nimelisikia redioni, nimelisikia msikitini, nimelisikia kwa mwanangu wa kwanza ambaye amesoma mpaka chuo, na kila nikilisikia damu inanipanda. Nikamwambia, "Ninacho cha kuficha. Ninacho kingi. Kuficha ndiyo kazi iliyonijengea nyumba. Wewe umekuja kazini umevaa suruali, umeficha nini?"

Yule msichana mwenye sare alikohoa kuficha kicheko. Bwana wa magari akasema, "Afande, huyu bibi ni kungwi. Wanawatia wake za watu maneno. Anza naye kwa adabu, mwishie bila adabu."

"Wewe kunywa soda yako," nikamwambia.

"Namba ya siri ni ngapi?" afande akauliza.

"Mna karatasi ya hakimu?"

"He! Umeyajulia wapi hayo?"

"Masikio ninayo. Shule ndiyo sina."

Akachukua kitambulisho changu akajaribu mwaka wa kuzaliwa. Simu ikakataa. Nilitaka kumwambia mwaka ule alinikadiria karani kwa kunitazama usoni, mama yangu mwenyewe alikuwa anasema nilizaliwa mwaka wa nzige. Nikanyamaza, asije akaanza kutafuta mwaka wa nzige.

Nataka nieleweke. Sisemi polisi wasitafute wezi. Mwaka mmoja niliibiwa masufuria yote ya shughuli, na waliomkamata mwizi ni hao hao, nikawapikia pilau. Lakini waliyatafuta masufuria yangu kwa mwizi. Hawakuingia kila jiko la mtaa wetu kufunua vyungu vya watu. Simu yangu haina siri moja. Ina wanawake wa mji mzima, na wa miji mingine, kila mmoja aliniachia neno lake kwa mkono wake wa kulia. Huyu bwana anamtaka mkewe mmoja ampige tena, basi wote wavuliwe nguo? Kwa soda?

Na kuna jambo lililokuwa linanichoma zaidi. Afande yule nilikuwa namjua. Yeye hanijui, mimi namjua. Ni mtu wa bara, alihamishiwa Tanga akaoa hapa hapa, na mkewe ni wangu. Ni mmoja wa wale walionijia wakiwa wameshaolewa. Alinionyesha picha ya mumewe siku ya kwanza, akanisimulia mpaka namna anavyokuna kidevu akikasirika. Nami nikawa namtazama anakuna kidevu. Neno moja tu lingetosha. Ningesema, "Mwanangu, umefika salama nyumbani jana? Mkeo hajambo?" angeelewa, angenirudishia simu yangu. Lakini kusema hivyo ni kuitoa siri ya mkewe. Kwamba anakuja kwangu, hiyo yenyewe ni siri. Sikuapa kwamba nitanyamaza mpaka nitakapobanwa. Niliapa kunyamaza. Nikameza.

Wakanikalisha kwenye benchi la ukumbini. Adhuhuri nikaisali pale pale kwenye kona, juu ya kanga yangu moja. Chakula sikupewa wala sikuomba. Magoti yananiuma, na ndani ya ofisi nasikia yule bwana anacheka. Kila mlango ulipofunguka niliiona simu yangu mezani ikiwaka na kuzima, wanangu wananiita na siwezi kuwajibu. Kilichonituliza ni kujua kwamba wote wananitumia sauti, hakuna anayeandika, kwa hiyo kioo hakiwaonyeshi kitu ila alama ya kuweka kidole, picha ya samaki na picha ya jua. Hapo nilijivunia darasa langu la pili.

Alasiri ikaingia. Yule msichana mwenye sare akatoka na kikombe cha chai na andazi kwenye sahani. Akaviweka kando yangu. Akapiga goti, goti kabisa, sakafuni.

"Bibi yangu, nisamehe. Asubuhi sikukuamkia vizuri, nilikuwa kazini. Shikamoo bibi."

Akatoa mikono yote miwili.

Kwetu mtoto akipiga goti akakupa mikono, wewe unampa mkono wako wa kulia. Hufikiri. Mkono unakwenda wenyewe kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani. Ataubusu, utamwekea wa pili kichwani, utamwombea kheri. Nimezaliwa nikiona hivyo na nimewafundisha hivyo mabinti wasio na idadi. Nikasema, "Marahaba mwanangu, Mungu akuweke," nikaupeleka mkono.

Akaupokea kwa mikono miwili, akauinamia. Midomo yake niliisikia juu ya mgongo wa kiganja. Kisha nikasikia kitu cha baridi chini ya dole gumba langu. Kioo. Alikuwa ameishika simu yangu kwa chini, mikononi mwake, tangu alipopiga goti. Ikalia tik, kama kitasa.

Akasimama akaingia nayo ndani. Hakugeuka. Chai ikabaki inatoa moshi.

Wangenikunja mkono kwa nguvu ningewaheshimu. Ningepiga kelele, ningemuuma mtu, ningekuwa na alama ya kuonyesha watu. Lakini wewe mtoto wa kike, uliyelelewa na mama anayekufundisha kupiga goti, unalichukua goti unalifanya bisibisi? Nilikaa pale nikiutazama mkono wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Sijawahi kumchukia mtu kwa kunisalimia. Siku ile nilijifunza. Na binti yangu alikuwa ameniambia kidole kiko nje, nikamcheka.

Wakaniita ndani. Nadhani walitaka nione. Simu iko mezani imefunguka, sauti imewekwa juu kabisa. Afande anaitazama ile orodha ya picha, anakunja uso.

"Hivi ni vitu gani? Kikombe, samaki, chungwa. Majina yako wapi?"

"Ndiyo majina yao."

"Mkewe huyu bwana ni nani hapa?"

Nikaitazama orodha pamoja naye. Kikombe kilikuwa juu kabisa, maana kilikuwa kimetuma asubuhi ile ile. Chini yake samaki. Chini ya samaki, chungwa. Vidole viwili tu kutoka pale dole lake lilipo mpaka Ushongo. Nilikuwa naliangalia dole lile kama mtu anayemwangalia nyoka kwenye kitanda cha mtoto. Nikaanza kusoma kila dua ninayoijua.

"Tutaanzia juu," akasema. Akabonyeza kikombe.

"Asalamu aleikum, somo wangu." Sauti ilijaa chumba kizima. "Katoka sasa hivi, kaenda kazini. Ule uji wa habasoda leo siku ya nne namtilia, kanywa wote, hajajua. Lakini hali ni ile ile, somo. Tangu sukari imshike mwaka jana ananigeuzia mgongo, akidhani nimelala namsikia analia. Usiniambie nimpeleke hospitali, nilimwambia akavunja sahani. Nifundishe namna ya kumwambia ambayo haitamvunja moyo. Maana ni mtu mzuri, somo, watu hawamjui tu..."

Mwanzoni hakuitambua. Nilimwona ameinamisha kichwa anasikiliza kazi, kama anavyosikiliza kesi ya mtu. Kwenye neno uji akaacha kukuna kidevu. Kwenye neno sahani uso wake ukawa wa majivu. Akaanza kupapasa kioo atafute pa kuizima, na dole lake halioni, na sauti inaendelea, watu hawamjui tu, watu hawamjui tu, mpaka ikaisha yenyewe.

Yule msichana alikuwa anatazama sakafu.

Bwana wa magari hakujua ile ni sauti ya nani. Pengine alijua, sijui. Alicheka mpaka soda ikamtoka puani. "Afande! Huo uji unauzwa wapi, tukawanunulie wagonjwa?"

"Toka nje."

"Nimetania bwana, tuendelee na huyo wa pili..."

"Nimesema toka nje!"

Akatoka. Afande akamwambia na msichana atoke. Tukabaki wawili na ile simu katikati. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuitegemea, sauti ya mtu mdogo, "Hii nani mwingine ameisikia?"

"Nilikuwa nayo peke yangu. Sasa tumeisikia watu wanne."

"Haya ni mambo ya nyumbani kwangu, bibi. Ni faragha ya mtu."

Hapo nilisimama, na magoti yangu yale. "Faragha! Neno zuri hilo, asubuhi lilikuwa wapi? Nimekaa benchi tangu saa tatu nakwambia nyumba za watu zimo humu, ukaniambia kama sina cha kuficha nifungue. Haya, imefunguka. Endelea basi. Bonyeza samaki."

Hakubonyeza. Akasema, "Ifute hii."

"Siifuti. Si yako. Ni yake yeye, akiniambia nifute nitafuta."

Akaisukuma simu upande wangu. "Nenda nyumbani."

"Na kesi?"

"Hakuna kesi. Nenda, bibi."

Hakuna kilichoandikwa. Kuletwa sikuandikwa, kukaa sikuandikwa, kuachiwa sikuandikwa. Nikatoka nikaikuta ile chai imepoa, nzi kaanguka ndani.

Watu waliosikia habari hii walinipongeza. Shoga zangu walishika mbavu, wakasema umemkomesha afande. Nani kamkomesha? Mimi sikushinda kitu. Simu haikufungwa kwa sababu ya haki. Ilifungwa kwa sababu aibu ilifika kwake. Ingekuwa samaki ndiye yuko juu, au jua, wangesikiliza mpaka magharibi, wangecheka, na yule mtoto wa Ushongo angerudishwa kwenye nyumba ile akiwa nyuma ya gari. Siri za wanawake wa watu zilikuwa ushahidi. Ilipofika zamu ya nyumba yake, ikawa faragha. Na kesho akiwa amesahau uso wake ulivyokuwa majivu, ataichukua simu ya mwingine.

Mtoto wa Ushongo yupo. Yule bwana hakumpata, na baadaye wazee walikaa, talaka ikatoka. Sasa anapika na shoga yangu, na hao wageni wanamsifu samaki wake wa kupaka. Nikimsikia anacheka kwenye simu nasema alhamdulillahi, na namaanisha.

Lakini mke wa afande alikuja kwangu wiki ile ile. Hakutuma sauti, alikuja na miguu yake, na begi. Alikuwa anarudi kwao Pangani. Mumewe hakumpiga, hakumtukana. Alikuwa ameacha kula chochote anachopika yeye. Siku tatu anakuja na mkate wa dukani, anakula amesimama. Siku ya nne akamwambia aende kwao apumzike, na wote wawili walijua maana ya kupumzika.

Alisimama barazani, hakukaa nilipomkaribisha.

"Somo, kaniambia sauti yangu kaisikia kituoni. Nani alimfungulia?"

Ningeweza kusema wamenivunja mkono. Nani angebisha? Lakini huyu ni wangu, na nilimwapia.

"Mimi."

"Walikupiga?"

"Hawakunipiga. Msichana aliniamkia shikamoo, nikampa mkono, akauweka juu ya simu."

Akafikiri. Mimi nilikuwa natamani anitukane. "Ulituambia ni mlango wa chuma," akasema.

"Mlango haukuvunjika, mwanangu. Nimewafungulia kwa mkono wangu."

"Nilikuwa nakuuliza namna ya kumwambia bila kumvunja moyo," akasema. "Hilo tu nilikuwa nauliza."

Mimi ambaye hakuna swali la ndoa lililonishinda tangu nianze kazi hii, nilisimama kwenye baraza langu mwenyewe kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Bajaji ilikuwa inamsubiri. Nikautoa mkono wangu wa kulia tuagane kama tulivyoagana siku ile ya kwanza. Akautazama. Akalichukua begi kwa mikono miwili, ingawa halikuwa zito, akasema kwaheri somo, akashuka.

Binti yangu amekiondoa kidole kwenye simu, sasa ni namba sita tu, na singo ikiwa mkononi mtu atasubiri ninawe. Baadhi ya picha zimenyamaza. Samaki amenyamaza, jua limenyamaza. Kikombe kipo, sijakifuta, hajaniambia nifute.

Mkono nao niliurudisha ndani ya kanga palepale barazani, bajaji ikiwa bado haijakata kona.